Mwana wa Mihayo

Sajini Sabiti alikuwa hajamaliza hata juma moja tangu arudi kutoka vitani, na tayari alikwishachoka kulisikia jina la Shibuda. Alilisikia kwa kinyozi. Alilisikia kwenye foleni ya sukari, ambako watu waliosimama tangu alfajiri hawakuwa na kazi nyingine ila kubishana. Hata dada yake Sharifa, aliyeendesha duka la marehemu baba yao pale Biharamulo mjini, alimletea jina hilo pamoja na uji.

"Eti kaka, yule Msukuma uliyemkamata wewe, ni kweli wanamnyonga bure?"

"Niache ninywe uji wangu," alisema Sabiti.

Mambo yalianzia gazetini. Mwalimu Laurian wa kijiji cha ujamaa cha Azimio, upande wa Nyamigogo, alikuwa ameandika barua ya msomaji, ikachapwa: "Je, Shibuda Mihayo alitendewa haki?" Lo! Kama aliyerusha jiwe kwenye mzinga. Karani mmoja mstaafu wa Ngara akajibu kwamba mtu aliyetajwa na marehemu kwa kinywa chake hana la kujitetea. Mwanafunzi wa Bukoba akamjibu karani. Katibu wa tawi akasema huu si wakati wa kubishana na serikali, nchi ndiyo kwanza imetoka vitani, na watu wakamkubalia kwa vichwa, kisha wakatoka nje wakaendelea kubishana palepale walipoachia.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Agosti ya mwaka sabini na saba, Malongo, mwenyekiti wa Azimio, alilala kwenye ghala la pamba akilinda pamba ya kijiji. Asubuhi akakutwa chini, kichwa kimepasuka, roho bado imo. Wakambeba kwa machela hadi zahanati, na huko akafa. Shemeji yake Shibuda, kaka wa mkewe, alikuwa amegombana naye mbele ya mkutano wa kijiji siku tatu kabla, kwa sababu ya njia ya ng'ombe iliyozibwa na shamba la pamoja. Shibuda alikuwa na damu kwenye shati, ingawa pia alikuwa mmoja wa waliobeba machela. Lililomfunga hasa ni maneno ya mwisho ya Malongo. Aliyeyasikia na kuyaandika ni Sabiti, wakati ule koplo. Shibuda alihukumiwa kunyongwa, na Sabiti akashonewa tepe ya tatu.

Asubuhi hiyo Inspekta Audax alimwita ofisini, akamsukumia barua yenye mhuri.

"Rufaa ilishatupwa. Limebaki la Rais tu. Kamati ya msamaha inataka maelezo ya mpelelezi katika siku kumi na nne."

Sabiti aliitazama tarehe. "Nane zimekwisha, afande."

"Zimekwisha barua ikiwa njiani. Tuna sita. Nenda Azimio, muone huyo mwalimu, ujue kama ana ushahidi au ana domo tu. Ukirudi unaandika: 'Nathibitisha maelezo yangu ya awali.' Maneno matano. Kazi ya siku moja."

"Na kama nisipoweza kuthibitisha?"

Audax aliinua macho. "Si uliyasikia mwenyewe?"

"Niliyasikia, afande."

"Basi usinitie wazimu asubuhi yote hii."

Sabiti akapiga saluti, akatoka. Kulikuwa na jambo moja ambalo Audax hakulijua, kwa maana halikuwamo kwenye jalada. Kijitabu cha Sabiti kilisema hivi: "Nikamwuliza, ni nani aliyekupiga? Akajibu, ni mtoto wa kiume wa Mihayo. Punde akakata roho." Jibu lilikuwa la Malongo. Swali halikuwa la mtu yeyote. Sabiti hakuuliza kitu. Aliingia zahanati akamkuta majeruhi anarudia neno lilelile kwa Kisukuma, na kabla hajakaa sawa, mtu amekufa. Jioni yake kituoni alikumbuka alivyofundishwa chuoni kwamba jibu lisilo na swali, mbele ya jaji, ni kelele tu. Akaliongeza swali. Akaapa kwa Msahafu kwamba aliuliza. Kwa miaka miwili alijiambia kwamba lile lilikuwa kosa la uandishi, si uongo. Jina si lilitajwa? Lilitajwa. Lakini tangu alipolisoma lile gazeti, usingizi ulikuwa unamchenga.

Alipanda lori la mafuta lililokuwa likienda Rusumo, akashuka njia panda, akatembea kwa miguu mpaka shule ya Azimio. Mwalimu Laurian, mtu mwembamba mwenye ndevu za kuhesabika, alikuwa shambani na wanafunzi wakilima matuta ya viazi. Hakuacha jembe.

"Ndiyo umefika leo? Nilikutegemea miaka miwili iliyopita."

"Mwalimu, nimekuja kusikiliza, sijaja kutukanwa. Una ushahidi gani?"

"Kwanza nina hukumu yenyewe. Nimeisoma. Jaji amesema wazi kwamba bila maneno ya marehemu asingemtia hatiani. Shati la damu halitoshi, ugomvi hautoshi. Kwa hiyo mtu ananyongwa kwa maneno aliyoyasikia askari mmoja. Wewe."

"Marehemu alisema."

"Sijasema hakusema. Pili, nina shahidi. Idefonsi!"

Idefonsi alikuwa fundi seremala wa kijiji, Mhangaza kutoka Ngara, aliyekuwa akitengeneza madawati chini ya paa la darasa. Alifika akijifuta vumbi la mbao, akavua kofia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Usiku ule Shibuda alikuwa wapi?"

"Arikuwa kijiji cha Bisibo, afande. Na mimi nirikuwa naye. Turicheza ngoma mpaka jua rikatoka."

Laurian alimtazama Sabiti kama mtu aliyetupa karata kubwa. Sabiti akatoa kijitabu.

"Ngoma ya nini?"

"Ya pamba, afande. Ya kufurahia mauzo."

"Mlicheza kabla ya kuuza au baada?"

Idefonsi alicheka. "Baada, afande! Nani acheze ngoma pamba ikiwa bado ndani?"

"Karani wa kununua pamba alikuwa akianzia wapi, Bisibo au Azimio?"

"Azimio. Kira mwaka anaanzia hapa, ndipo anakwenda Bisibo."

"Sasa nieleze, fundi. Malongo alilala kwenye ghala akilinda nini?"

Kicheko kilimwisha Idefonsi. Hata Laurian aliliweka jembe chini.

"Ghala lilikuwa limejaa pomoni," alisema Sabiti. "Nilihesabu marobota mwenyewe. Karani alikuwa hajafika Azimio, seuze Bisibo. Hiyo ngoma yenu ilichezwa lini?"

Mhangaza yule alikunja kofia yake mikononi. "Wiki mbiri baadaye," alisema. "Shibuda arikuwa ameshakamatwa."

"Idefonsi!" Laurian alipiga kelele. "Umenifanya niandike gazetini na kwa Rais!"

"Nisamehe, mwarimu. Afande, siku ire mrinipa kamba nikamfunga mikono. Akaniambia, taratibu rafiki yangu, unaniumiza. Tangu hapo sirari. Nirifikiri nikisema hivyo itamsaidia."

Hapo Sabiti alifurahi. Tusifiche, alifurahi kabisa, mzigo ulimtoka begani kama gunia la chumvi. Shahidi pekee wa utetezi ameanguka ndani ya maswali matano. Ile furaha haikudumu hata hatua kumi. Alimwona Idefonsi akirudi kwenye madawati yake ameinamisha kichwa, mtu aliyedanganya ili kuokoa, na yeye Sabiti alidanganya ili iweje? Akaona haya.

Lori la kurudi lilikuwa mpaka kesho. Sabiti alikwenda zahanati kuomba maji, akaketi mwisho wa benchi la wagonjwa. Mhudumu alikuwa yuleyule, Petronila, Msubi wa palepale, mama mnene asiye na haraka. Alikuwa dirishani akiita kadi.

"Ng'wana Bulemela!"

Sabiti alitazama huku na huku kutafuta kijana. Hakuna kijana aliyesimama. Aliyesimama ni bibi kizee, kifua kinamkereta, na mzee aliyekaa pembeni yake akamwambia, "Ng'wana Bulemela, fimbo yako hii," akampa fimbo.

Sabiti aliweka kikombe chini.

"Petronila, umemwita nani?"

"Huyu bibi. Hujamwona?"

"Umesema mwana. Mwana si mtoto wa kiume?"

Petronila alimcheka waziwazi. "Lo, Bwana Sajini! Hiyo ya kwenu wa dukani. Kwa Wasukuma ng'wana ni mtoto, awe wa kike awe wa kiume. Bulemela ni baba yake huyu bibi. Ameolewa, amezaa, amezeeka, bado ni ng'wana Bulemela. Muulize mumewe kama amewahi kumwita jina jingine."

Mzee alisikia. "Nimwiteje tena?" alisema. "Ndiye ng'wana Bulemela."

Sabiti alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake, akiwauzia Wasukuma kaniki na mafuta ya taa. Alijua kuwaamkia, alijua kuhesabu kwa lugha yao, na kwa hayo mawili alijiona bingwa. Siku ile aliletewa mkalimani akamrudisha. Na kitabuni hakuandika neno alilolisikia. Aliandika tafsiri yake mwenyewe: mtoto wa kiume wa Mihayo. Mihayo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Mahakamani neno la Kisukuma halikutamkwa na mtu, kwa hiyo hata Shibuda mwenyewe hakupata nafasi ya kulisikia na kusema, ngojeni kwanza.

Alingoja mpaka benchi likawa tupu.

"Siku ya Malongo, ulikuwapo ndani?"

"Si nilimshika kichwa? Nguo yangu ilitupwa. Lakini hamkuniita kwenye kesi."

"Alisema nini?"

"Ng'wana Mihayo. Alikuwa anarudia hivyohivyo."

"Alisema kama mtu anayeshtaki?"

Petronila alifikiri. "Alisema polepole. Macho yake yalikuwa mlangoni."

"Na mimi nilimwuliza nini?"

Mama yule akamtazama, na uso ukaanza kumbadilika. "Wewe hukumwuliza kitu, Bwana Sajini. Ulimwambia mgambo afunge mlango."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa kwamba mahakamani umesema ulimwuliza. Nikajua labda ni wakati nilipogeuka kuchukua pamba. Mimi ni nani nibishane na serikali? Nilinyamaza." Akashika mdomo. "Yesu wangu. Nilinyamaza."

Kazi ya upelelezi ina adabu yake. Dhana haitoshi, lazima ithibitishwe na mtu asiyejua kwa nini anaulizwa. Sabiti alikwenda mpaka nyumba ya mwisho katika mstari wa pili, kwa mjane wa Malongo. Ndani ya jalada mwanamke huyu aliandikwa Mama Suzana, mke wa marehemu, basi. Jina lake hasa, Ng'washi, lilitokea mara moja tu, kwenye kiapo chake.

Alikuwa anaanika udaga, mihogo iliyovundikwa, juu ya mwamba. Hakumkaribisha kiti.

"Habari za hapa, Mama Suzana."

"Nzuri. Kama umekuja kwa ajili ya yule mtu, mimi sina ndugu wa jina hilo."

"Nina swali moja tu. Marehemu alikuwa akikuita nani hapa nyumbani?"

"Linakuhusu nini?"

"Nijibu, mama, kisha nitakwambia."

Ng'washi aligeuza kipande cha udaga. "Ng'wana Mihayo. Angeniitaje? Huyo Mama Suzana ni wenu nyinyi wa ofisini."

Basi. Huo ndio uthibitisho wenyewe, na hakuna mpelelezi aliyewahi kuuogopa uthibitisho kama yeye. Angeweza kushukuru na kwenda zake. Maneno matano, tepe tatu, na Audax angemnunulia chai. Sabiti alivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi, mbele ya mwanamke huyo, akamwambia yote. Alimwambia neno lilivyokuwa na alivyoliandika. Alimwambia kwamba swali halikuulizwa, na kwamba aliliapia.

Mikono ya Ng'washi ilisimama juu ya udaga.

"Kwa hiyo hakusema Shibuda kampiga."

"Hakusema nani kampiga. Hilo mpaka leo sijui. Nilidhani nimemaliza, sikutafuta tena."

"Alikuwa ananiita mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nje, kwenye benchi. Nina Suzana mgongoni. Nilikwambia niingie, ukasema nisubiri, serikali inafanya kazi."

"Nilisema hivyo."

Hakulia. Afadhali angelia, Sabiti angejua la kufanya. Kuku walianza kuudonoa udaga asiwafukuze.

"Unajua mimi nilisema nini kule Bukoba?" aliuliza mwishoe. "Jaji aliponiuliza kama nina neno, nilisema huyu si kaka yangu, mfanyeni mnavyotaka. Mama yetu alikufa mwaka jana. Aliniomba nikamwone Shibuda hata mara moja. Nikakataa. Nilimwambia, mume wangu alimtaja, wewe unataka nini zaidi?" Akajipiga kifuani, kofi moja. "Andika."

"Nitaandika kituoni, mama, kwa utaratibu."

"Andika hapa. Ulivyoandika kituoni tumeona."

Sabiti akafungua kijitabu magotini. Safari hii aliandika neno kama lilivyotoka, Ng'wana Mihayo, herufi kwa herufi, kisha chini yake akaandika: "Mimi sikumwuliza marehemu swali lolote." Ng'washi akamtaka asome kwa sauti. Akasoma. Akamtaka asome tena. Petronila aliyekuwa amemfuata akaweka sahihi yake, na Ng'washi dole gumba.

"Mama, ni haki ujue," alisema Sabiti. "Nikiyapeleka haya kwa hakimu, sirudi kazini. Kiapo cha uongo kwenye kesi ya kunyonga, ni jela. Na bado siwezi kukuahidi kwamba yatamfikia Rais kwa wakati. Siku ni sita."

"Sikukuuliza kama utafungwa au hutafungwa." Alisimama, akakung'uta kanga. "Twende."

"Leo hakuna lori."

"Barabarani magari ya jeshi yanapita mchana kutwa. Twende."

Sabiti alisimama kando kumpisha, kwa heshima. Mjane hakupita.

"Wewe tangulia," alisema Ng'washi. "Nataka nikuone."

Akatangulia. Walipita katikati ya kijiji hivyo, askari mbele, mjane nyuma. Watu walitoka milangoni. Mwalimu Laurian aliacha matuta yake akaja mpaka ukingoni mwa njia. Hakuna aliyewasalimu.

Walitembea karibu saa nzima, na barabara kuu ilikuwa imeanza kuonekana, vumbi la magari limesimama juu ya miti, ndipo Ng'washi aliposema nyuma yake.

"Aliniita mara ngapi?"

Sabiti angeweza kusema moja. Alikuwa amechoka kusema uongo.

"Nne. Labda tano."

Hatua za nyuma zilisimama. Akageuka. Ng'washi alikuwa amekaa chini katikati ya njia, kanga imemwanguka mabegani.

"Miaka kumi na miwili ya ndoa," alisema, "hajawahi kuniita mara mbili. Akiita moja, nimeshaitika."

Sabiti alisimama pale na kijitabu chake mkononi. Kwa mbali lori la jeshi lilikuwa linakuja, na mwanamke yule alikuwa bado hajainuka.